Hesabu ya Tunutu

Mwalimu Mmbone alitupa kazi kwa maneno machache:
"Msiniletee mnachokijua. Nileteeni mlichokihesabu."
Tulikuwa wanne, na chandarua kilichochanika pembeni,
tukakishona kwa uzi wa gunia, tukashuka Isiukhu.

Mimi nilishuka nikiwa ninajua tayari.

Kijiji kizima kilijua. Kosa ni la kiwanda cha sukari guru,
kule juu, kwa Wabomba: povu la hudhurungi, moshi,
ile harufu inayolala kwenye sweta hadi kesho yake.
Ng'ombe wa kina Khasiala akiharisha, kiwanda.
Mvua ikichelewa, kuna aliyekitazama kiwanda.

Daftarini niliandika nadharia tete, kwa wino, si kwa penseli:
*Chini ya kiwanda, wadudu watapungua.*

Unasimama maji yakikufika magotini.
Unapiga mawe teke dakika moja kamili,
Ingaitsa akisoma saa ya kaka yake kwa sauti,
na vilivyojificha chini vinakokotwa na mkondo
hadi kwenye chandarua, kisha kwenye ndoo nyeupe.
Hapo ndipo unawaona:
yule ajengaye nyumba kwa chembe za mchanga,
na tunutu wa mikia mitatu, myembamba kama unywele,
mgeni mwenye staha zake:
hewa ya maji ikipungua, huondoka bila kuaga.

Juu ya kiwanda: arobaini na mmoja.
Chini ya kiwanda: thelathini na wanane.

"Tumekosea," nikasema.
Tukarudia. Saa ile ile, kina kile kile, teke lile lile.
Arobaini na watatu. Thelathini na sita.
Nikaitazama ile 38 ya kwanza.
Kalamu nilikuwa nayo mimi.
Tatu ni tarakimu ndogo; ukiisahau, inabaki nane,
na kijiji kizima kingekushangilia.

Sikuisahau. Sisemi hivyo kwa kujisifu;
Lisutsa alikuwa akichungulia begani mwangu.

Tukafuata maji. Darajani, arobaini.
Baada ya daraja, wawili.
Wawili, na minyoo myekundu ya tope isiyojali hewa,
na juu ya maji rangi za upinde bila mvua,
na ukingoni bati, herufi za mkono ninaoufahamu:
OSHA BODA HAPA SH. 50.

Karo yangu imetoka kwenye hamsini hizo.

Usiku baba alilisoma daftari karibu na taa,
akilamba kidole kila alipofungua ukurasa.
Nilingoja anipige, au ataje kiwanda.
Akauliza, "Mlipima siku gani?"
"Jumamosi."
"Jumapili sioshi. Mlipima Jumapili?"

Aliuliza kwa hasira, kama mtu anayejitetea.
Lakini Mwalimu Mmbone alipolisikia swali hilo
aliweka chaki chini, akacheka peke yake,
akasema darasa zima halikuwa limeuliza swali zuri hivyo.

Kiwanda hatukukitakasa. Moshi wake hatukuupima,
na ambacho hujakipima, nyamaza au kapime.

Jumapili baba alikuja na ndoo yake mwenyewe,
suruali kaikunja, viatu kavifunga shingoni.
Wawili tena. Akaguna.
Akahamisha bati hadi kwenye mteremko, mbali na maji,
akachimba shimo, akalijaza kokoto na mchanga,
wateja wakamnung'unikia kwa kupandishwa mlima.

Jumapili ya tatu: wanne.
Wanne si ushindi. Huenda ni mto unaorudi,
huenda ni mvua ya Alhamisi iliyowasukuma kutoka juu.
Niliandika yote mawili, safari hii kwa penseli.

Baba alikuwa amechuchumaa juu ya ndoo,
kidole chake chenye grisi kikisita hewani
asije akayagusa maji.
"Huyu mdogo, wa hapa pembeni. Ana mikia mingapi?"
"Mitatu."
"Basi mwandike naye."